Kugongewa Mara Tatu

Gereji ile ilikuwa na mafundi wawili, na wateja hawakuhangaika kujua majina yao ya kuzaliwa. Mmoja aliitwa Juu, mwenzake Chini. Chini ndiye aliyelala chali uvunguni mwa magari na spana zake, akinuka oili hata akitoka kuoga. Juu ndiye aliyekaa kwenye usukani, akakanyaga klachi na kuingiza gia kama alivyoagizwa, na kazi yake nyingine ilikuwa kuongea. Na aliongea kweli. Mtu angeleta gari lililokufa injini, akaondoka kwa miguu huku anacheka. Lakini uvunguni Juu hakuwahi kuingia. Mwaka huu alisingizia mgongo, mwaka ule kifua, mwaka mwingine vumbi. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga. Tangu utotoni hakuweza kulala mahali ambapo kitu kizito kimemkaribia usoni, na Chini, ambaye alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alilijua hilo na hakumtania nalo hata siku moja. Mafundi wanavyopenda kutaniana, hebu pima mwenyewe huo upendo.

Sasa injini ikinguruma, mtu wa uvunguni hasikiki hata apasue koo. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na lugha yao ya spana. Chini aligonga chesisi, ule mgongo wa chuma wa gari, mara moja: ingiza gia ya kwanza, achia klachi taratibu. Aligonga mara mbili: rivasi. Aligonga mara tatu: zima, shuka, njoo huku chini uone mwenyewe. Hiyo ya tatu Juu aliitii nusunusu. Alizima, alishuka, halafu aliinama tu pembeni ya tairi akiwa ameshika goti, akachungulia na kusema, “Naona, naona,” hata kama hakuona kitu. Chini alicheka huko huko alikolala, wakaendelea na kazi.

Kisha Chini akafa. Zilikuwa figo, na aliuficha ugonjwa mpaka ukamfichua wenyewe. Muda mfupi kabla hajalazwa alifanya kazi yake ya mwisho, tena peke yake, akakataa hata kushikiwa tochi. Alifungua propela ya pikapu yake mwenyewe. Propela ni ule mtaimbo mrefu unaozunguka uvunguni, unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu ya nyuma inayogeuza magurudumu, na viungo vyake, ambavyo mafundi huviita krosi, ndivyo vinavyouwezesha kujipinda huku unazunguka. Chini alitoa krosi iliyochoka, akaweka mpya, akafunga boliti zake, akajipangusa mikono. Hakurudi tena gereji. Pikapu ikabaki kwa mkewe, na mkewe akawa anabebea mayai, akiteremka kila asubuhi barabara ya korongoni kuyasambaza madukani, na binti zake wawili wadogo wamebanana naye mbele kwa sababu shule yao iko njiani.

Msibani mke huyo hakulia. Watu wakamsifu kwamba amejikaza kisabuni. Kaka yake, Juu, peke yake ndiye hakupenda kule kujikaza, maana alimjua tangu akiwa mtoto, na mdogo wake huyo alikuwa analia hata kuku akichinjwa.

Siku yenyewe ya kisa hiki alifika gereji mchana, trei za mayai zikiwa zimefunikwa turubai nyuma. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wachomeleaji wa jirani walikuwa wamefunga wakaenda zao, kwa hiyo mtaa ule wa gereji, ambao kwa kawaida watu husikilizana kwa ishara, ulikuwa kimya kiasi kwamba hatua za mpita njia zilisikika kutoka mbali.

“Kaka, mayai yanapasuka,” alisema kabla hata ya salamu. “Nikishika kasi gari linatetemeka. Leo nimetupa trei nzima.”

“Matairi nilishayabalansi.”

“Ndiyo nakwambia, bado.”

“Shikamoo yangu je, nayo imepasuka njiani?”

“Shikamoo kaka,” alisema, akatabasamu upande mmoja.

Wakaingia ndani ya pikapu, yeye kwenye usukani, Juu pembeni yake. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi. Chini ya sakafu ya gari kukagongwa mara moja, ko, sauti kavu ya chuma juu ya chuma. Mdogo wake akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia hodi. Juu aliliona hilo.

Walipofika barabara kubwa mtetemo ukaanza. Juu alikuwa mwongeaji lakini hakuwa mjinga wa kazi. Aliutazama usukani: umetulia. Tairi bovu huutikisa usukani, na huu mtetemo ulikuwa unapanda kwenye kiti na nyayo za miguu. Akamwambia mdogo wake aweke gia huru, gari liserereke lenyewe. Injini ikashusha sauti, lakini mtetemo ukabaki pale pale, ukipungua tu kadiri kasi ilivyopungua. Basi si injini. Kilichokuwa kinatetemeka kilikuwa nyuma ya giaboksi, kinazunguka pamoja na magurudumu. Akaweka kiganja sakafuni akausikia unapita katikati ya gari, mbele kwenda nyuma.

“Geuzia hapo,” alisema.

Waliingia kichochoro kimoja, mdogo wake akaweka rivasi. Ko, ko. Mara mbili. Akatikisa tena kichwa.

“Umemsikia?” aliuliza.

“Nimesikia krosi.”

“Krosi,” alirudia, akacheka taratibu. “Nikienda mbele, moja. Nikirudi nyuma, mbili. Krosi gani hiyo inayojua kuhesabu?”

Juu akajitahidi. Akaeleza kwamba krosi iliyolegea hugonga pale nguvu inapogeuka, na kwamba ukirudi nyuma ulegevu wa kiungo cha mbele unaanza kujikaza, kisha unafuata wa kiungo cha nyuma, kwa hiyo lazima zisikike mbili. Ilikuwa kweli tupu. Lakini mdomoni mwake ilisikika kama zile hadithi zake za kuwapumbaza wateja, na mdogo wake alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

“Nifungue hiyo propela, mdogo wangu. Saa moja tu.”

“Hapo usiguse.” Hakupandisha sauti. “Fungua tairi, fungua injini, ng’oa hata viti. Lakini zile boliti alizikaza yeye. Hakuna kitu kingine duniani kilichobaki kama alivyokiacha. Nguo zimefuliwa. Kitanda kimehamishwa. Hapo usiguse, kaka.”

Walirudi gereji. Alizima gari lakini hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kuangalia ukuta.

“Na juzi amegonga tatu,” alisema.

Juu alikuwa ameshafungua mlango. Akaufunga tena.

“Wapi?”

“Kwenye mteremko. Pale kona ya korongo. Sikubadilisha gia, sikukanyaga breki. Ko, ko, ko. Nikazima.”

“Umezima gari kwenye mteremko? Na watoto ndani?”

“Si amesema zima? Breki ilikuwa ngumu, lakini likasimama, ukingoni kabisa. Watoto wakaniuliza, mama, tumefika? Nikakaa. Nilikuwa najiuliza kama nishuke.”

“Ushuke wapi?”

Mdogo wake akamgeukia, akamtazama kama anashangaa kuulizwa jambo ambalo wote wawili wanalijua. “Huko chini. Zima, shuka, njoo huku chini uone mwenyewe. Si ndivyo anavyosema? Nilichelewa kuelewa, gari la nyuma likanipigia honi, nikawasha nikaondoka. Kesho akigonga tena sitamwacha anisubiri.”

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mayai. Juu aliogopa. Hakuogopa mzimu wakati ule, hapana. Alimwogopa mdogo wake, alivyokuwa ametulia. Kesho asubuhi angeteremka tena barabara ile ile na watoto wale wale, na kwenye kona ile, propela ikigonga, angefanya anachodhani ameambiwa. Na asipofanya, propela yenyewe ingelifanya gari lipinduke. Kwa njia yoyote ile, Juu aliwaona watatu wote korongoni.

Kumbishia kusingesaidia kitu. Kuficha ufunguo nako ni bure, maana alikuwa na wa akiba. Juu akakuna kidevu, na kwa mara ya kwanza tangu amzike shemeji yake, mdomo wake ukamfaa kwa jambo la maana.

“Ngoja nikuulize,” alisema. “Hii gereji, aliyekuwa anagongewa tatu ni nani?”

Mdogo wake akaachia usukani mkono mmoja.

“Wewe alikugongea lini? Nyumbani alikuwa anakuita kwa spana? Anayegongewa ni mtu wa juu. Ni mimi. Nilikuwa mimi miaka yote.”

“Lakini wewe hujawahi kuingia.”

“Ndiyo maana anagonga mpaka leo.”

Alilisema kama utani, kwa mazoea tu ya mdomo, na hakuna aliyecheka. Mdogo wake alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha kaka yake, akaubania ndani kwa vidole vyake.

“Basi nenda kamwone,” alisema. “Mimi nawafuata watoto shuleni. Nitapanda basi.”

Akaondoka. Juu akabaki peke yake na pikapu, katika mtaa ambao haukuwa na mlio hata wa jenereta.

Alichelewa sana kuanza, na sioni aibu kumsema. Aliweka kabari kwenye magurudumu, akaziangalia, akaongeza mawe. Alihakikisha gia iko huru, akatoka, akarudi kuhakikisha tena. Alikunjua boksi la kulalia, lile lile la Chini, lenye doa la mabega yake. Alikunywa maji. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya, akalala chali na kujisukuma ndani.

Chuma kilimfunika. Tope kavu la chesisi lilikuwa umbali wa mkono tu kutoka puani, na pumzi yake ilimrudia usoni ikiwa ya moto. Akafumba macho. Alipofumbua, alikuwa bado hai, na propela ilikuwa pale juu yake, ndefu, imetulia, na alama ya vidole vya grisi karibu na boliti. Vidole vya mtu mwembamba.

Alifanya kama alivyoona ikifanyika maelfu ya mara. Mkono mmoja akashika mtaimbo, mwingine akashika kichwa cha giaboksi unapoungana nacho, akausokota huku na huku. Ko. Akausokota tena. Ko. Mlio ulikuwa ule ule, na ulitoka mikononi mwake mwenyewe. Juu akacheka kwa sauti uvunguni humo, akacheka mpaka vumbi likamwingia kooni. Krosi. Krosi tu, masikini ya Mungu.

Alipomulika tochi kicheko kikaisha. Pembeni ya krosi palikuwa na unga mwekundu, unga wa chuma kinachojisaga kikiwa kikavu. Kikombe kimoja kinachoshika ncha ya krosi kilikuwa kimeshatoka nusu kwenye tundu lake. Kila kikombe hushikiliwa na saklipu, kile kipete chembamba cha waya mgumu kinachokizuia kisitoke. Kwenye kikombe kile saklipu haikuwepo. Haikuvunjika wala kuchomoka, maana mfereji wake ulikuwa umejaa grisi ya zamani. Haikuwekwa kabisa. Siku yoyote kikombe kingeruka, propela ingedondoka kwa mbele, ingechoma ardhi, na gari likiwa kwenye kasi lingejirusha lenyewe.

Kulikuwa na jingine. Propela ile ni ya vipande viwili vinavyochomekana kwa meno, na masikio ya kipande hiki, yale yanayoshika krosi, lazima yalale sambamba na masikio ya kile. Yakipishana hata jino moja, mtaimbo unazunguka kwa kuchechemea, gari linatetemeka, krosi mpya inakufa kabla ya wakati. Ndiyo maana fundi, kabla hajavichomoa vipande, huvipiga alama kwa tindo, mstari huku na mstari kule, ili virudi vilivyokuwa. Chini alilihubiri hilo mpaka wateja wakalikariri. Usipopiga alama, alikuwa anasema, umemvunja mtu mguu ukamrudishia kisigino mbele. Juu alitafuta alama za tindo kwa tochi, kwa kidole, kwa kitambaa chenye petroli. Hazikuwepo. Na masikio yalikuwa yamepishana waziwazi, hata mwanafunzi wa siku mbili angeona.

Basi Chini alikuwa haoni. Ule ugonjwa ulikuwa umeshamfika machoni na mikononi, na akakataa kushikiwa tochi ili asijulikane. Juu alilala pale akamwonea huruma shemeji yake kwa uchungu ambao msibani hakuupata. Alimwona akipapasa gizani, akikaza kwa kubahatisha, kisha akimkabidhi mke wake gari.

Alifungua boliti moja moja. Ya mwisho ilipoachia, propela ilimshukia kifuani, nzito, ya baridi, akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Injini ilikuwa imezimwa muda mrefu. Hakuna kilichounganishwa na kitu. Hakuna kilichozunguka.

Ko. Ko. Ko.

Ekzosi inapoa, Juu alijiambia. Bati likipoa hulia. Lakini ekzosi ilikuwa juu yake, na alipoinua mkono kuigusa, ilikuwa imeshapoa kitambo.

Ko, ko, ko. Safari hii hakuzisikia kwa masikio tu. Zilitoka chini ya mgongo wake, katikati ya mabega, pale penye doa la boksi. Sakafu ile waliimwaga wenyewe, yeye na Chini, zege juu ya mwamba, na chini yake hapakuwa na shimo wala bomba. Mtu alikuwa anaigonga kutoka upande wa pili kwa kitu cha chuma, bila haraka, kwa subira ile ile anayoijua.

“Nimekuja, shemeji,” alisema. “Nimeshaona. Ni saklipu. Na hukupiga alama.”

Kimya. Juu alingoja, jasho likimtiririka masikioni. Kisha zikaja tena tatu, na zilikuwa karibu zaidi.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuitwa kuja kuona krosi.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta juani, ameivuta propela nje pamoja naye, kiwiko kinatoka damu. Mtaa ulikuwa mtupu. Aliipeleka mezani, akaibana kwenye jiliwa, akatoa krosi iliyokufa, akaweka mpya kutoka stoo, na saklipu zake zote, akazihesabu kwa kidole. Alilaza masikio sambamba, akayatazama kwa jicho moja mpaka akaridhika, akapiga alama kwa tindo huku na kule. Kazi nzuri. Chini angeisifu. Halafu akasimama na propela iliyo tayari mikononi, na gari lililo tayari mbele yake, akatambua kwamba lazima airudishe.

Kuingia mara ya kwanza aliingia hajui. Sasa alijua. Alifuta spana ambazo zilikuwa safi. Alipanga boliti kwa ukubwa, zote zikiwa sawa. Angeweza kungoja mafundi wa jirani, kesho. Lakini kesho mdogo wake angeamka alfajiri, angekuta gari halijafungwa, angemuuliza kulikoni, na Juu uso wake haukuwa na mahali pa kuficha kitu. Mdogo wake aliusoma tangu wakiwa wadogo. Angeujua ukweli, angeridhika kwamba mumewe yupo na anaita, na siku hiyo asingehitaji tena pikapu wala korongo ili amfuate. Binti zake wangebaki na nani?

Basi akarudi. Alilala juu ya doa lile, akaivuta propela kifuani, akaiinua, akaichomeka. Boliti ya kwanza ilipogusa tundu, zikagonga. Tatu. Akakaza. Tatu. Alikuwa analia na kutukana kwa sauti ndogo, mtu mzima na ndevu zake, na spana ilimponyoka ikamwangukia shavuni. Akaiokota. Tatu, chini ya kisogo sasa.

“Siji,” alisema huku anakaza. “Na yeye haji. Ana watoto wako, shemeji. Umenisikia? Haji.”

Zilinyamaza kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha zikaendelea. Juu alikaza boliti ya mwisho, akazirudia moja baada ya nyingine kuhakikisha, maana hakutaka kurudi humo maishani mwake, na wakati wote huo aligongewa. Kama zilikoma, hazikukoma akiwa pale.

Mdogo wake aliporudi na watoto alimkuta amekaa juu ya tairi bovu, amejimwagia maji kichwani. Mabinti walikimbilia ndani ya kijumba cha stoo kutafuta soda. Mama yao alichukua ufunguo bila neno, akapanda, akawasha. Gia ya kwanza: gari likaondoka laini, halikutoa mlio. Akaenda hadi barabara kubwa, Juu akamsikia anashika kasi, injini ikipanda safi mpaka ikapotelea mbali. Aliporudi akaweka rivasi ili aliingize gari mahali pake. Kimya.

Alizima akashuka. Aliteremsha ule mlango wa nyuma, akakaa juu yake kando ya trei za mayai, Juu akaenda kukaa naye, miguu yao ikining’inia karibu na sakafu.

“Ilikuwa nini?”

“Aliikosea,” Juu alisema. “Hakuweka saklipu, na hakupiga alama. Alikuwa haoni, mdogo wangu. Alituficha.”

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa. Hilo alilipokea, ingawa lilimuuma, na Juu aliona lilivyomuuma.

“Ulikaa sana huko chini.”

“Mimi si fundi wa chini. Najifunza.”

“Kaka.” Akamgeukia, akamshika kidevu kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipotaka kujua nani kamlia pipi yake. “Nitazame. Ulipokuwa huko, hakugonga?”

Juu alikuwa amedanganya watu maisha yake yote. Aliwadanganya wateja, wenye nyumba, hata padri, kwa uongo mdogo mdogo wa kuchekesha, na hakuna aliyemwamini, na hakujali. Sasa alimtazama mdogo wake machoni, hakupepesa.

“Hakugonga,” alisema. “Nilingoja makusudi. Nilimwita kabisa, nikamwambia nimekuja. Hakuna mtu kule. Ilikuwa krosi.”

Alimchunguza. Alimchunguza kwa muda mrefu, jicho hili na jicho lile. Kisha mkono ukalegea kidevuni.

“Basi amekufa,” alisema.

“Amekufa, mdogo wangu.”

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, kilio kile ambacho msiba mzima ulikingoja, mpaka mabinti wakatoka stoo na soda zao wakasimama mlangoni hawajui wafanye nini, na yeye akawanyooshea mikono wakaja wakamkumbatia, akawabana, akalia juu ya vichwa vyao. Juu alimwekea mkono begani, akamwacha alie. Kwa mkono mwingine alijishika ukingo wa gari, akainua miguu yake polepole kutoka karibu na sakafu, akaikunja, akaiweka juu.